Shimo Nililolitilia Sahihi Bila Kuliona

Mwanangu Mwanahawa,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Mimi sina haja ya kuuliza, kwa sababu ninakusikia huko uani ukibishana na mama yako juu ya kufuli la sanduku. Kati yetu kuna ukuta mmoja tu. Hata hivyo nakuandikia, na shauri hili si langu. Leo mchana nilipomweleza mama yako ninachotaka kukuambia, alisema, "Mwandikie. Ukimwambia kwa mdomo mtaanza kubishana, maana ulimi wake ni wako, na jua litazama hujasema kitu." Alipofika mlangoni akageuka: "Na usimwekee maneno ya vitabuni." Shauri la kwanza nimelitii. La pili nitajitahidi.

Juu ya sabuni, ndoo, jembe, fyekeo na yale mashuka mawili yaliyoandikwa kwenye fomu ya shule, sina la kuongeza. Juu ya kuamka, kuswali na kuchagua marafiki umeshaambiwa na kila mtu aliyepita hapa wiki hii, na wengine walikuwa wameketi kusubiri chai tu. Mimi nina mambo mawili, nayo yametoka katika jambo moja.

La kwanza ni gari. Jana nilisema kwamba kesho hutapanda gari la baba yako mdogo Salimu kwenda Kongwa, bali tutakwenda wewe na mimi kwa basi. Ulinuna, na ulikuwa na haki ya kununa. Mtu aliyekununulia viatu vya Idi kila mwaka anajitolea kukupeleka shuleni kwa pick-up yake, baba yako anakataa, na ulipouliza sababu nikakujibu, "Nimesema." Mtu anayejidai msomi akikujibu hivyo, mwanangu, basi ama hoja imemwishia, ama anayo lakini anaiogopa. Mimi ninayo.

La pili nililisikia juma lililopita. Ulikuwa unaongea na mwenzako kando ya ua, hukujua kwamba nipo dirishani. Alikuuliza kama unaogopa kwenda bweni. Ukamwambia, "Bweni siogopi. Naogopa darasani. Mimi kichwa changu kizito tangu darasa la pili, baba mwenyewe alisema." Ukacheka. Tangu siku hiyo sijaweza kusoma kitabu hata ukurasa mmoja.

Naomba usome hadi mwisho kabla hujanihukumu. Baada ya hapo nihukumu.

Nilipotoka chuo kikuu na shahada yangu ya kemia nilikuwa kijana mwenye majivuno, na sitajisingizia unyenyekevu ambao sikuwa nao. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa kijiji chetu kule milimani Kondoa kufika chuo, na nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko vilivyoweza kunikaa sawasawa kichwani. Salimu nilisoma naye, chumba kimoja kwa miaka mitatu. Yeye ni mtoto wa mjini. Babu zake walifika hapa na misafara ya biashara wakabaki, na Dodoma yote ilikuwa kama sebule yao. Tulipopangiwa kazi ofisi moja, katika maabara ya maji, yeye ndiye aliyenitafutia chumba hapa Makole, akanionyesha duka linalokopesha na msikiti wenye kivuli. Alizoea kunitania mbele za watu: "Huyu Mrangi wangu nimemteremsha mlimani mwenyewe, msimguse." Nilimpenda kama ndugu. Liweke moyoni hilo, kwa sababu adui hawezi kumfanyia mtu jambo ninalotaka kukusimulia. Mlango ulifunguliwa na mimi, kwa mikono yangu.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshamwoa mama yako na wewe umeanza shule, kila kitu kilikuwa kimeanza kuitwa ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa, magari chakavu kutoka ng'ambo yalimiminika, na kila gari lilikuja na betri iliyokaribia kufa. Mtaa wa pili kutoka hapa palikuwa na karakana iliyokusanya betri hizo, ikazivunja na kuyeyusha risasi, ile metali nzito iliyomo ndani, ili kufua chubwi, vile vipande vizito ambavyo wavuvi wa Mtera hufunga kwenye nyavu zao zizame. Biashara ilikuwa nzuri. Nyuma ya karakana palikuwa na kisima kifupi, na mabomba ya mji yalipokauka, yaani siku nyingi, nusu ya mtaa ilichota hapo.

Nilipima maji yale. Sampuli nilizipeleka mwenyewe Dar es Salaam, kwenye maabara yenye mashine ambayo sisi hatukuwa nayo, na majibu yakarudi. Maji yale yalikuwa na risasi. Risasi haina ladha, haina harufu, haibadilishi rangi ya maji. Inaingia kwenye damu, na kwa mtoto inakwenda kukaa mahali pabaya kuliko pote.

Nilimwendea fundi wa karakana. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. "Mtaalamu," akasema, "risasi ni kitu kizito. Kikiingia kisimani kinazama chini. Watu wanachota juu. Sasa wewe shuleni walikufundisha nini?" Wenzake wakacheka. Nilijibu kwa hotuba ndefu ambayo hakuna aliyeisikiliza.

Ofisini walisema kisima hakifungwi kwa sababu hakuna kingine, na dawa za kusafishia hazipo kwa sababu hakuna fungu. Ndipo nilipokumbuka makala niliyowahi kuisoma katika maktaba ya chuo, juu ya maganda ya mimea. Maganda ya karanga, mwanangu, yale mnayoyatema na kuyafagia, yakisagwa na kuoshwa vizuri yana tabia ya kushika metali. Maji yenye risasi yakipita kati yake taratibu, risasi hubaki kwenye ganda na maji huendelea. Kongwa karanga zimelimwa tangu enzi za wakoloni, na maganda yalikuwa yamelundikana nyuma ya mashine za kukoboa, mtu akikuona unayachukua anakushukuru. Nilileta magunia. Niliyasaga, nikayapitisha kwenye chekeche niliyoisuka mwenyewe kwa waya ili chembe zote ziwe za ukubwa mmoja, nikayaosha kwa maji ya ndimu, nikayaanika, nikayapanga ndani ya pipa, changarawe chini, mchanga katikati, maganda juu.

Siku za mwanzo maji yalitoka na rangi ya kahawia. Wanawake wakanisimanga hadi nikakoma. "Mtaalamu, chai umeshatupa, sukari utaleta lini?" Mwingine akadakia, "Na vitumbua." Baada ya wiki moja rangi ikaisha, sampuli zikaenda Dar es Salaam, na majibu yakarudi: risasi ilikuwa imebaki ndani ya pipa. Nilizunguka mtaani na karatasi ile mfukoni kama mtu aliyeoa jana. Wageni kutoka wizarani walikuja kulitazama pipa. Niliambiwa niandike taarifa ya semina, na nikaanza kuandika usiku na mchana.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini, maana ndipo lilipo kosa. Ganda likishashika risasi kiasi cha kutosha, hushiba. Haliwezi kushika zaidi, na lazima litolewe, liwekwe jipya. Na risasi haijafa. Somo la kwanza la kemia hufundisha kwamba maada haipotei, inahama tu. Nililijua hilo. Niliandika katika taarifa yangu ya kwanza kwa ofisi, kwa herufi kubwa, kwamba maganda yaliyoshiba lazima yafukiwe katika shimo lililojengewa kwa saruji na kufunikwa. Salimu, aliyekuwa anasimamia vifaa, aliichapa taarifa hiyo mwenyewe kwa mashine. Saruji ilitolewa. Alikabidhiwa yeye.

Baada ya majuma machache alinijia na karatasi ya kuthibitisha kwamba shimo limekwisha. Nilikuwa katikati ya sentensi ya taarifa yangu ya semina. Aliiweka mezani, akasema, "Mrangi, tia sahihi hapa tumalize. Au unataka ukaniangalie kama nyapara?"

Kutoka mezani kwangu hadi kisimani ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Nikatia sahihi.

Shimo halikuwepo. Hakuna aliyepiga hata jembe moja. Saruji ile ilikwenda kwenye msingi wa duka ambalo leo wewe unaliita "kwa baba mdogo", lile linalouza mabati, misumari na, kama unavyojua, saruji. Na maganda yaliyoshiba, kila vibarua wa Salimu walipoyatoa kwenye pipa, yalianikwa nyuma ya kisima, yakikauka yakagawiwa bure kwa wanawake wa mtaa. Kuni zilikuwa ghali na mkaa ulikuwa ghali. Nani katika nchi hii kavu atakataa maganda makavu yanayowaka vizuri? Hata mimi, kama ningekuwa mwanamke wa Makole, ningebeba furushi langu nikaenda.

Bibi yako Nuru, mama wa mama yako, alibeba lake.

Mwaka ule ulikuwa darasa la pili, na kila siku ulipotoka shule ulikula kwa bibi yako. Ulipenda mlenda wake kuliko chakula chochote. Unakumbuka alivyoupika? Hakuweka magadi ya dukani. Aliyakusanya majivu ya jikoni, akayatia kwenye kopo lililotobolewa chini, akamimina maji juu, na maji yaliyochuruzika ndiyo aliyoyatia chunguni mlenda ukavutika. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Tofauti ni kwamba majivu yao yalikuwa majivu tu.

Utauliza, tena kwa ukali, na ni haki yako: "Baba, si na wewe ulikuwa unakula pale kila Ijumaa?" Ndiyo, nilikula pale kila Ijumaa baada ya sala, karibu mwaka mzima. Lakini nilikula barazani. Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Unajua jinsi bibi yako anavyojifunika kanga upya akisikia nimepiga hodi. Chakula aliniletea kwa adabu yake, na mimi nikakila kwa adabu yangu, na kati ya adabu hizo mbili palikuwa na pazia moja la kitenge. Nyuma ya pazia maganda yangu yalikuwa yanawaka. Silaumu desturi. Desturi haikutia sahihi karatasi.

Wewe ulianza kubadilika. Ulilalamika tumbo. Ulipauka. Hesabu ulizokuwa unazijibu kabla sijamaliza kuuliza zikaanza kukupotea, na ulinitazama kwa macho ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo hapo juzi. Nikasema ni uvivu. Jioni moja ulishindwa mara tatu kujibu saba mara nane, nikakufinya sikio. Sijui kama unakumbuka. Sikio lile lilikuwa la kulia.

Kisha ikaja Ijumaa ile. Nilikuwa barazani, nimenawa, nasubiri, nikamsikia bibi yako akiita jina langu. Hajawahi kuniita kwa jina kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nikapita pazia. Ulikuwa umejikunja sakafuni kando ya jiko, umeshika tumbo, umetapika. Nilikuinua. Na nilipokuwa nakuinua, jicho langu likaanguka kwenye kikapu cha kuni. Mwanangu, mtu anaijua kazi ya mikono yake. Chembe zote zilikuwa za ukubwa mmoja, ukubwa wa chekeche yangu.

Nikamuuliza, "Mama, haya maganda umeyatoa wapi?"

"Si pale kisimani kwako, mkwe wangu," akasema, huku anatafuta kanga ya kukufunika. "Wanagawa. Mazuri hayo, hayana moshi. Nilitaka nikushukuru, nikaona haya."

Hospitali nilimweleza daktari kila kitu, lakini nilimweleza kwa Kiingereza, ili mama yako na bibi yako, waliokuwa wamesimama pale wakilia, wasielewe. Nimejivunia lugha ile tangu shule ya msingi. Siku hiyo niliitumia kama pazia jingine. Daktari alisema chanzo kiondolewe mara moja, ulishwe vizuri, na kwamba mwili utajisafisha polepole. Akasema pia kwamba masomo yanaweza kurudi nyuma kwa muda, na kwamba usisukumwe. Nilielewa kila neno.

Nilichukua majivu ya jiko la bibi yako nikayapeleka maabara. Ukiyayeyusha kwa asidi, ukayachuja, ukaongeza dawa inayoitwa iodaidi, kama kuna risasi utaona unga wa njano unazama taratibu ndani ya chupa, unameta kama dhahabu. Nilikuwa nimewahi kuwaonyesha wageni jambo hilo ili niwafurahishe. Safari hii nilikuwa peke yangu. Rangi ilikuwa nzuri sana.

Nikamfuata Salimu pale kwenye kiwanja chake, ambapo mafundi walikuwa wanapandisha ukuta. Nikamuuliza shimo liko wapi. Hakukana. Ningempa heshima kama angekana.

"Shimo la nini, Ramadhani?" akasema. "Maganda ya karanga. Takataka. Watu wamepata kuni za bure, sisi tumepata pa kuanzia. Au wewe unafikiri tutaishi kwa mshahara ule mpaka tuzeeke? Angalia wenzetu. Sasa hivi ni ruksa."

"Mwanahawa yuko hospitali."

Alibadilika uso, na nitamtendea haki niseme hivyo. Alishika ukuta. Kisha akasema kwa sauti ndogo jambo ambalo limenifunga mdomo miaka yote hii. "Mimi sikusaini kitu, kaka. Ukienda kusema, wa kwanza kuulizwa ni aliyethibitisha kwamba shimo lipo."

Hata baada ya hapo nilimtafutia udhuru. Nilijiambia kwamba hakuelewa, kwamba aliichapa taarifa kama karani anavyochapa, bila kusoma. Nilikaa na udhuru huo kama mwezi mmoja. Kisha siku moja mama yako, akiwa anapeta mchele, akasema bila kujua ananiambia nini, "Ajabu mke wa Salimu. Mtaa mzima walikuwa wanachukua maganda, yeye ananunua mkaa. Nilimtania kwamba anaringa, akasema mumewe amemkataza, hataki kuyaona nyumbani kwake."

Hapo ndipo niliposalitiwa, Mwanahawa. Habari ya saruji ningeweza kuimeza. Miaka ile wengi walijenga kwa saruji ya ofisi na bado tunawasalimia. Lakini alisoma taarifa yangu. Aliielewa. Aliiamini kuliko mtu yeyote katika mji huu, akaifuata katika nyumba yake, na nyumba nyingine zote akaziacha, ya bibi yako ikiwemo. Alikuwa mwanafunzi wangu bora.

Nimeswali Idi bega kwa bega naye tangu wakati huo. Nimempa mkono. Nimekuacha umwite baba mdogo na umvulie viatu mlangoni kwake. Kila alipokuletea zawadi niliona analipa, na kila ulipoipokea niliona nimempa risiti. Nimebishana na watu juu ya siasa, juu ya dini, juu ya mashirika ya umma kuuzwa, hadi wananikimbia kwenye kahawa. Katika jambo moja lililohitaji sauti yangu nimekuwa bubu. Nimetunga mbele ya kioo hotuba nyingi za kumshitaki, na katika hotuba zote hizo mimi ndiye niliyeonewa. Ndilo nililotaka ulijue kuhusu usaliti: unapendeza kuukumbatia. Ukiwa umeshika kosa la mwenzio kwa mikono miwili, huna mkono wa kushikia lako.

Langu ni hili. Nilipotaka wanawake waache kuyachoma maganda sikuwaambia ukweli. Niliwaambia kwamba yamechanganyika na sumu ya panya kwa bahati mbaya. Waliyatupa siku ile ile, nikayakusanya pamoja na majivu, nikachimba shimo kwa mikono yangu nje ya mji, nikalijengea kwa saruji niliyoinunua. Nikajiona nimemaliza. Lakini bibi yako alibaki na sumu ya panya. Tangu siku ile hajakupikia mlenda, na wewe uliniuliza mara mbili kama bibi hakupendi tena. Alikuwa anaamini kwamba alikulisha sumu kwa kutokuwa mwangalifu. Nilimwona anavyozeeka kwa imani hiyo, nikaendelea kula barazani.

Na mwisho wa mwaka mwalimu wako aliniita. Ulikuwa umesimama kando yangu, umeshika suruali yangu hapa, gotini. Akauliza kwa upole, "Mzee, huyu mtoto alianza vizuri. Nyumbani kuna tatizo lolote?" Nilikuwa na maneno ya daktari mfukoni. Nilikuwa na chupa yenye njano kabatini. Ningesema sentensi moja, asingekurudisha darasa kama mtoto aliyeshindwa. Angekungoja kama mgonjwa anayepona. Lakini sentensi ile ilikuwa na sahihi yangu chini yake. Nikasema, "Hakuna tatizo, mwalimu. Kichwa chake ni kizito tu."

Ulinitazama. Ukaachia suruali.

Ukarudia darasa, wakakuita bibi wa darasa, ukapigana nao, kisha ukaanza kucheka nao, na kucheka huko kuliniuma kuliko kupigana. Miaka iliyofuata ulikwenda ukipanda ngazi moja moja, ukasoma mara tatu kile ambacho wenzako walisoma mara moja, na mwaka huu ni wasichana wawili tu wa shule yenu waliochaguliwa, mmoja ni wewe. Watu walinipongeza: damu ya msomi. Nikapokea pongezi. Ulifika hapo ukiwa umebeba mzigo niliokutwika mimi, na hukujua hata kwamba ni mzigo. Ulidhani ndivyo ulivyoumbwa.

Hukuumbwa hivyo. Nilikufahamu kabla ya mwaka ule. Ulikuwa na miaka mitano uliponiuliza kwa nini maji ya moto yanapanda juu ya sufuria na mawe ya moto hayapandi, na nikashindwa kukujibu vizuri. Kama huko Kongwa jambo litachelewa kukuingia, huenda ni mabaki ya ugonjwa, huenda ni jambo gumu kweli, huenda mwalimu hajui kulieleza. Chunguza. Lakini neno lile nililolisema mbele ya mwalimu usiliweke tena katika hesabu, kwa sababu aliyelisema alijua ni uongo.

Leo baada ya Alasiri nilikwenda kwa bibi yako. Nilipiga hodi, akajifunika, akaniwekea kiti barazani. Nikapita pazia, nikakaa sakafuni jikoni, mahali pale pale. Alishtuka akasema, "Mkwe, kumetokea msiba?" Nikamweleza yote, kwa Kiswahili, polepole. Alipoelewa kwamba haikuwa sumu ya panya wala uzembe wake, hakunilaani. Aliuliza tu, "Miaka yote hii?" Kisha akaniambia nitoke jikoni kwake. Nilipokuwa nje akaniita kupitia pazia, akasema kesho upite kabla ya safari, atakuwa amepika. Hakusema nipite na mimi.

Kisha nikaenda dukani kwa Salimu. Sikumtukana. Nilimwambia kwamba kufikia kesho utakuwa unajua, na kwamba Jumatatu nitapeleka maelezo yangu ofisini, jina langu likitangulia kabla ya lake. Alikuwa anapima misumari. Akaimimina yote kwenye mfuko, zaidi ya kipimo, mteja akafurahi. Akaniuliza, "Na gari je? Bado nije?" Nikamwambia swali hilo si langu tena.

Kwa hiyo "nimesema" yangu ya jana naiondoa. Huenda asije. Kama honi italia asubuhi, mlango nitaufungua mimi, na yeye atakuwa amekuja akijua kwamba unajua. Huo nao ni ujasiri, na siwezi kukuambia ni wa namna gani. Ukipanda, kaa mbele, umtazame. Usipopanda, sanduku nitalibeba mimi hadi stendi.

Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya karatasi ile ya shimo. Ni chafu kidogo, na sahihi iliyopo ni moja. Iweke chini kabisa ya sanduku, chini ya mashuka. Siku ukifeli jaribio, na utafeli moja au mawili, na sauti yangu ikaanza kusema ndani yako, itoe uisome, uone nani alikuwa mzembe mwaka ule.

Barua hii nimeisoma yote, mara mbili, kabla ya kuitia sahihi.

Baba yako,
Ramadhani